Kupima Kabla ya Kukaza

Siku hizi Land Rover ya zamani ikichemsha hadi hedi, kile kifuniko cha chuma juu ya silinda, ikapinda, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni "tutafute injini." Fundi anapiga simu, dalali anatuma picha, na baada ya siku chache injini ya mtumba kutoka Japani inaning'inia kwenye mnyororo juu ya gari. Ile iliyozaliwa na gari imeburutwa hadi ukutani, silinda zake wazi, mvua inaingia. Muuza skrepa hachelewi. Anakuja na mizani yake, anapima chuma kilichobeba wagonjwa, mahindi na maharusi kwa zaidi ya miaka arobaini, anahesabu noti, anaondoka. Hakuna aliyeuliza bloku ile ilikuwa na kosa gani.

Nataka kuwasifu wale waliokuwa wakisema, "tutafute hedi."

Mmoja wao bado yupo Arusha, upande wa Unga Limited, kwenye kiwanja kilichozungushiwa mabati. Wateja humwita Mzee tu, na yeye huwaita wateja wote "mwanangu", hata wale waliokuja na madereva wao. Alijifunza kazi katika miaka ambayo spea haikununuliwa bali ilitafutwa. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, maduka yakabaki na rafu tupu, na Land Rover za serikali, za misheni na za hifadhi za wanyama ziliendelea kutembea kwa sababu tu kulikuwa na watu waliojua kipi kinakubali kukaa juu ya kipi. Elimu ile haikufundishwa darasani. Ilifundishwa na njaa ya vifaa, na waliohitimu walikuwa mafundi ambao hawajui kutupa.

Siku ninayotaka kuisimulia, mbele yake palikuwa na Land Rover 109 ya miaka ya mwanzo ya 1970. Boneti lilikuwa limeondolewa, na tairi la akiba linalokaa juu yake limeegemezwa nguzoni. Hedi yake ilikuwa imeshushwa, ina ufa baina ya siti mbili za valvu. Mezani, juu ya gunia lililokung'utwa vizuri, ililala hedi nyingine, ya nusu ya pili ya miaka ya 1980, iliyotolewa kwenye gari lililopinduka. Kijana anayejifunza kwake alikwisha kuikamata upande mmoja, tayari kuipandisha.

"Iache kwanza," Mzee akamwambia. "Hazijafahamiana."

Wanaozipenda injini hizi wanajua kwa nini jambo hili linawezekana. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilitoka Solihull, Uingereza, mwaka 1958 pamoja na Series II, na kwa zaidi ya robo karne umbo lake la msingi halikubadilishwa. Kipenyo cha silinda ni milimita 90.47 na pistoni husafiri milimita 88.9. Mwaka 1985, wenye kiwanda walipotaka nguvu zaidi, hawakugusa kipenyo. Walirefusha safari ya pistoni hadi milimita 97, injini ikawa ya lita 2.5, na hedi ya injini hiyo ikabaki na uwezo wa kukaa juu ya bloku ya ndugu yake mkubwa. Waliofanya uamuzi huo hawakuwa wakimfikiria fundi wa Arusha. Walikuwa tu na adabu ya kutobadilisha kisicholazimika kubadilishwa, adabu ambayo viwanda vya leo, vinavyotoa kila baada ya miaka michache injini isiyokubali hata boliti ya mtangulizi wake, vimeizika.

Na sababu ya kuitafuta hedi ya karibuni haikuwa ufa peke yake. Injini ya lita 2.25 ilibuniwa wakati petroli ikitiwa risasi. Uwezo wa dawa hiyo kuzuia petroli isiripuke kabla ya wakati wake ndani ya silinda uligunduliwa Marekani mwaka 1921, katika maabara ya General Motors. Ilikuwa na faida ya pili: iliacha utando mwembamba kwenye siti za valvu za moshi, chuma kikapata kinga dhidi ya chuma. Ilikuwa pia sumu iliyoingia katika damu ya watoto waliocheza kando ya barabara, na kuondolewa kwake ni miongoni mwa mambo mema kabisa yaliyofanyika katika karne hii. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana jambo hilo Dakar mwaka 2001, na ilipoingia 2006 petroli ya risasi ilikuwa imeondoka katika vituo vyetu. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza 2021.

Watoto wakapona, valvu za zamani zikabaki bila kinga. Gari likipanda mlima na mzigo, valvu ya moshi hugonga siti yake ikiwa na joto kali, na siti laini hulika kidogo kidogo. Nafasi ya tapeti inapungua, valvu inashindwa kufunga, ukingo wake unaungua, na silinda moja inakosa pumzi. Hedi ya lita 2.5 ilikuja na siti zilizoimarishwa, zinazostahimili petroli isiyo na risasi. Kwa hiyo kulitafutia gari la zamani hedi ile ni kuliwezesha liishi katika nyakati hizi bila kuomba sumu irudishwe.

Huko kwetu ngoma ya ukoo haitupwi ngozi ikipasuka. Mzinga hubaki uleule ulioachwa na waliotangulia, ukawambwa ngozi nyingine, na mwambaji huigonga, huirudisha motoni, huigonga tena, mpaka ngozi changa iitikie sauti ya mti mkuu. Mwambaji asiyesikiliza atapata kelele. Sijaona kazi nyingine inayoikaribia hivyo kazi ya Mzee.

Alianza na rula ya chuma. Aliilaza juu ya uso wa hedi, kwa urefu, kwa upana, kisha kutoka kona hadi kona, na kila alipoilaza alijaribu kupitisha chini yake jani jembamba la fila geji. Halafu akafanya vilevile kwenye bloku, na hili ndilo wengi hulisahau. Hedi huonekana mgonjwa kwa kuwa ndiyo inayoshushwa, ikapelekwa mashineni, ikarudi inang'aa. Bloku hubaki garini na kuhukumiwa kwa macho. Mzee aliinama juu ya ile 109 mpaka shati lake likagusa rejeta, akapitisha jani lile kati ya silinda ya pili na ya tatu, akanyamaza, akapitisha tena.

Ilipofika zamu ya gasketi hakuiangalia mezani. Aliiweka juu ya bloku akasoma tundu moja baada ya jingine, kisha akaihamishia kwenye hedi akasoma upya. Tundu la maji lililo wazi chini na kuzibwa juu ni joto lisilo na pa kutokea. Kile kitundu kidogo kinachopandisha oili kwenda kwenye shafti ya roka kikizibwa, roka zitakauka na kujisaga zenyewe, na mwenye gari atalaumu hedi. Kijana alikuwa akitazama kwa mikono nyuma. Mzee akamtaka ayataje matundu yote kwa kazi zake, na alipokosea moja akamtaka aanze mwanzo.

Kisha akafungua kopo la maziwa ya watoto, ambalo nadhani lina umri wa kijana yule.

Ndani mlikuwa na bomba la sindano la hospitali, la mililita 20, kipande cha kioo kinene kilichotobolewa katikati, na grisi kidogo ndani ya kifuniko cha chupa. Hedi ikageuzwa tumbo juu, valvu zake zimefungwa na plagi zimekazwa mahali pake. Mzee akapaka grisi kuzunguka ukingo wa chumba cha kwanza cha moto, akakibandika kioo juu, akakisukuma kwa kidole gumba mpaka grisi ikaonyesha mstari usiokatika. Akavuta mafuta ya taa aliyoyatia tone la oili chafu ili rangi ionekane. Akaanza kuyaingiza kupitia kitundu cha kioo, bomba moja baada ya jingine.

Nimewahi kuona watu wakimimina uji kwa haraka kuliko alivyokuwa akisukuma sindano ile, na mfanyakazi mwingine pale kiwanjani alikuwa amewasha redio ya mpira, na hakuna kati ya hayo yaliyomgusa. Mafuta yalipanda chini ya kioo. Kiputo cha hewa kikajificha karibu na plagi. Mzee akainua upande mmoja wa hedi kwa kabari ya ubao, kiputo kikatambaa, kikafika kwenye kitundu, kikatoka. Akaongeza tone, akaongeza jingine, mpaka kioo chote kikawa rangi moja. Akasoma bomba la mwisho, akajumlisha, akamwambia kijana namba, kijana akaiandika kwa chaki kwenye mbao ya mlango wa stoo.

Vyumba vinne, namba nne. Cha tatu kilimeza zaidi ya wenzake kwa zaidi ya mililita moja. Alikipima upya kabla ya kusema lolote, kwa sababu kiputo kinaweza kudanganya, na namba ikarudi ileile. Akachungulia ndani kwa tochi. "Mtu aliila siti hii," akasema, akimaanisha fundi wa zamani aliyesaga valvu bila kujua pa kuachia. Mililita moja! Gereji nyingi ningeambiwa nisahau, itaenda. Na ni kweli itaenda. Itaenda huku silinda moja ikivuta kidogo kuliko nyingine, ikitikisika kwenye taa nyekundu, na dereva akizoea mtikisiko ule hata akaamini kwamba Land Rover ndivyo zilivyo. Mzee alitumia mchana wote kukwangua vile vyumba vitatu kwa kijiwe kidogo, akirudi kwenye sindano kila mara, mpaka vyote vikakaribiana na kile kilicholiwa. Hakuna mteja atakayewahi kuona pale alipokwangua. Pamefunikwa na chuma.

Namba zile zilikuwa na kazi ya pili, kubwa zaidi. Silinda moja ya injini ya lita 2.5 ina ujazo wa sentimita za ujazo 624 hivi, na hedi yake iliundiwa mgandamizo wa 8 kwa 1. Maana yake, pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita 89. Silinda ya injini ya zamani ni 571 tu. Ukiipandisha hedi ile juu yake bila kuigusa, na pistoni zikiwa zinafika kimo kimoja, hewa iliyopungua inakutana na chumba kilekile, na mgandamizo unashuka hadi kama 7.4 kwa 1. Injini za mwanzo za lita 2.25, zilizotengenezewa petroli dhaifu ya siku zile, zilikuwa za 7 kwa 1, kwa hiyo mwenye bloku ya aina hiyo hufaidika kidogo. Aliyezoea 8 kwa 1 ataona mlima umeongezeka. Kuirudisha 8 lazima hedi iskimiwe, yaani uso wake usagwe kwa mashine, mpaka nafasi ya juu ya pistoni ibaki sentimita 82 hivi, na hapo ndipo mafundi wenye pupa hufurahi, kwa kuwa kuskimu ni kazi inayoonekana na inayolipiwa.

Mzee hakukimbilia mashineni. Alizungusha krenki mpaka pistoni ya kwanza ikafika juu, akapima imebaki chini ya uso wa bloku kwa kiasi gani, akaongeza unene wa gasketi ikishabanwa, akapiga hesabu yake kwenye mlango. Kisha akapitisha ukucha ndani ya silinda, kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukakwama kwenye kijingazi kidogo, pale ringi zinapogeuzia safari. Akaipitia silinda ya pili, ya tatu, ya nne. Bloku ilikuwa imelika, si vibaya, lakini imelika.

"Huyu ni rika langu," akasema. "Nikimpa hedi yenye nguvu za ujana atatoa oili puani."

Ndivyo inavyokuwa. Valvu mpya zinazofunga barabara huongeza mgandamizo, na mgandamizo hutafuta palipo dhaifu. Hapo awali ulikuwa ukipotelea juu. Ukishazibwa juu unatafuta njia chini, kupitia ringi zilizochoka, na wiki mbili baadaye gari linatoa moshi wa buluu na mwenyewe anaapa kwamba fundi amemwibia. Tena krenki ya injini ile, kama zote zilizotengenezwa kabla ya 1980, imeshikiliwa na beringi kubwa tatu tu. Baadaye ndipo wakaweka tano. Kuna kiasi cha mzigo ambacho beringi tatu zenye umri hubeba kwa heshima na kiasi ambacho huzivunja, na hakuna mahali kilipoandikwa. Mzee aliamua hedi iskimiwe kiasi cha kunyooka tu, na mgandamizo ubaki pale kati, usifikie 8. Gari lingepoteza kitu kidogo kwenye mwinuko na kupata miaka.

Hapo ndipo ninapoiona sanaa yenyewe. Hedi ya karibuni ilikuwa na uwezo wa kutoa zaidi. Kila kitu mezani kilikuwa kikimwambia achukue zaidi. Yeye alikwenda kuiuliza bloku inaweza kubeba nini, na jibu lake akalifanya kuwa mpaka wa kazi nzima. Sisi wengine, tunapoleta kipya juu ya kilichokuwepo, iwe ni sheria juu ya mila au ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya urithi, ni mara ngapi tunateremka kwenda kuuliza chini?

Kukaza kulikuwa kufupi, kwa kuwa kupima kulikuwa kurefu. Kila tundu la boliti kwenye bloku lilipulizwa hewa mpaka likakauka, maana tundu lisilo na pa kutokea likibaki na maji au oili, boliti ikikazwa huyasukuma yale maji chini na yanaweza kupasua bloku. Kila boliti iliingizwa kwa vidole kwanza. Ikikataa vidole haikupewa spana. Halafu ikaja spana ya toki, imefungwa kwenye kitambaa cha flaneli. Zile kubwa huishia paundi-futi 65, zile ndogo za roka 18, nazo hukazwa kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, ili uso ukae bila kukunjamana. Karibu na hapo, katika kiwanja hichohicho, kijana mwingine alikuwa amechomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana, anakaza hedi ya gari dogo mpaka mwili wake wote ulining'inia. Mzee alimtazama mara moja, akageuka.

Tapeti zilisetiwa milimita 0.25, zote nane, kwa ile kanuni ya tisa ambayo kila aliyelelewa na injini hizi anaijua: valvu ya nane ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya kwanza, ikifunguka ya sita, rekebisha ya tatu, siku zote jumla iwe tisa. Nilimsikia kijana akiihesabu kwa sauti ya chini, midomo ikitikisika, na kwa mara ya kwanza siku ile Mzee hakumsahihisha.

Ilipowashwa haikunguruma. Injini ile ikiwa sawa haingurumi hata kidogo. Ina mlio mzito, wa taratibu, wenye pumzi kati ya pigo na pigo, na mlio huo ulinichukua mbali.

Nimekulia milimani Upare. Kwetu barabara ilikuwa ukingo wa mlima uliochongwa, upande mmoja mwamba na upande mwingine migomba ya watu walio chini yako. Gari la zahanati lilikuwa Land Rover 109 ya kijani iliyopauka, na tulikuwa tukiijua inakuja nusu saa kabla ya kufika, kwa sababu mlima uliutupa mlio wake kutoka kona hadi kona. Mama zetu walitofautisha. Ikipanda kwa mlio wa kawaida, ilikuwa siku ya chanjo, na sisi watoto tulijificha. Ikipanda usiku, mtu alikuwa akiletwa au akifuatwa. Bibi yangu aliweza kusema, akiwa jikoni, imefika kwenye daraja, imebadilisha gia, imebeba. Alijua imebeba kwa namna mlio ulivyokuwa ukivuta.

Dereva wake alikuwa pia fundi wake. Hakukuwa na mwingine. Jioni alikuwa akifungua boneti uwanjani pa zahanati, wanaume wakamzunguka, kila mmoja akimpa taa, kitambaa au maoni. Nilikuwa mdogo mno kujua alichokuwa akifanya. Nakumbuka tu kwamba watu wazima walishusha sauti, namna wanavyoishusha mtu anapotahiniwa. Gari lile lilitupeleka sote kwa zamu. Lilimpeleka shangazi yangu hospitali alipojifungua, na likamrudisha babu yangu akiwa katika sanduku, dereva akiendesha kwa gia ya kwanza kuteremka makaburini, mlio ule ule wa taratibu mbele ya waombolezaji, hata leo sijui kama nililia kwa ajili ya babu au kwa ajili ya mlio.

Kwa hiyo mniwie radhi nikisema kwamba injini ina haki ya kupimwa kabla ya kuhukumiwa.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na magari yalikuja kwa mamia, kutoka mbugani, mashambani, hata ng'ambo ya mpaka. Nilikwenda kwa furaha ya mtoto. Yalikuwa yamepakwa rangi upya, viti vya ngozi, taa zinazomulika mchana. Niliomba boneti zifunguliwe, na wenyewe, watu wakarimu, wakafungua. Chini ya boneti moja baada ya nyingine nilikuta injini za kila taifa, zimepachikwa kwa vyuma vya kuchomelea, mabomba ya maji yamekunjwa kutafuta pa kupita. Siwalaumu. Mwenye gari la watalii akikwama Ngorongoro anadaiwa na watu walioruka bahari kuja kuona simba, na injini ya mtumba inapatikana Ijumaa. Lakini nilihesabu waliobaki na bloku zao za asili mpaka nikaacha kuhesabu, kwa kuwa walikuwa wachache na hesabu ilikuwa ikinifanya niyatazame mengine bila upendo.

Kinachopotea si chuma, chuma kipo. Hata hedi zipo, ukizitafuta kwa subira. Kinachoondoka ni ile siku nzima ya sindano na kioo. Wakerezaji waliokuwa na mashine za kuskimu hedi na kusaga siti za valvu wanazeeka, watoto wao wameuza mashine na kuweka maduka ya simu. Vijana wanaoingia gereji si wavivu. Wengine wanasoma kompyuta ya gari kwa wepesi unaonishangaza, na gari la leo linawahitaji. Ila kompyuta humwambia fundi kile gari linachokijua juu ya nafsi yake, na bloku ya 1958 haina wa kuisemea. Lazima mtu ainame juu yake na ukucha.

Nilimuuliza Mzee kwa nini kijana yule ndiye mwanafunzi wake pekee. Alikuwa akifuta kioo chake, anakirudisha kwenye kopo. Akaniambia wamepita wengi, na kwamba aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote sasa anaendesha bodaboda, kwa kuwa bodaboda hulipa jioni. Halafu akanionyesha daftari la bei. Kwa kila kazi ya hedi alikuwa ameandika mistari mitatu: kushusha na kupandisha, gasketi na vifaa, kupima. Mstari wa tatu ulikuwa wa bei ndogo kuliko yote. Akaniambia wateja wakisoma karatasi ile hawabishani na ule wa kwanza, wala ule wa pili. Huweka kidole kwenye ule wa tatu na kusema, "Mzee, hii ya kupima iondoe." Yeye amekuwa akipima bure kwa miaka mingi, kwa kuwa hajui kufanya kazi bila kupima. Mafundi wa rika la watoto wake, wenye kodi ya kiwanja na ada za shule, wanauondoa mstari.